Mkono wa Kushoto Kwenye Gia

Mtu asiniambie kwamba gia zinafundishwa kwa upole. Miaka kumi na saba nimeendesha malori ya ushirika, Songea hadi Makambako, enzi ambazo barabara ilikuwa vumbi kiangazi na uji masika, na aliyenifundisha mimi alinifundisha kwa mateke. Nilijifunza.

Tulipopunguzwa kazi nikapata Starlet, kigari cha Kijapani kilichokwishatumika kwao, gia za mkono, na nikafungua shule ya udereva pale Majengo, Songea mjini. Gari moja, mwalimu mmoja. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Vigari vya namna ile vilikuwa vinaingia mjini kila mwezi, na kila mwenye kigari alitafuta mtu wa kukiendesha. Watu waliniita Mwalimu Emiliani, na nilikuwa naipenda heshima hiyo kuliko chakula.

Sheria yangu ilikuwa moja tu. Dereva haangalii gia. Macho yako barabarani, mkono wa kushoto unajua njia wenyewe. Mwanafunzi anakaa kulia, kwenye usukani. Mimi nakaa kushoto, mkono wangu wa kushoto nimeuning'iniza dirishani maana hauna kazi, na mkono wa kulia umeshika spana namba kumi na nne. Ukitazama chini, unapigwa vidoleni. Gia ikikwaruza, unapigwa vidoleni. Wengi walifaulu mtihani na wakarudi kunishukuru, wengine wameniletea hata kuku.

Sasa nieleze ile jioni.

Ilikuwa Alhamisi, jua linazama. Kesho yake binti yangu Dorine alikuwa na mtihani wa udereva mbele ya trafiki. Alikuwa na miaka ishirini, mtoto wangu wa pekee, mama yake tulishamzika. Kuna mradi wa maji ulikuwa umemwahidi kazi ya udereva akipata leseni, mwanamke wa kwanza kwenye mradi ule, na alikuwa ameshafua nguo za kuanzia kazi. Nikamwambia twende mara moja kwenye mwinuko wa mikaratusi, barabara ya Madaba, maana trafiki huwapeleka watu pale kuwapima kusimama na kuondoka mlimani. Akasema, "Baba, kwa nini tusiende Mjimwema? Kule nako kuna kilima."

Alijua kwa nini hapendi pale. Mimi pia nilijua.

Chini ya mwinuko ule, upande wa kushoto, kuna nyumba ya Bibi Anjelika, na nyuma ya nyumba kuna makaburi ya ukoo wao. Kaburi jipya lilikuwa la Walburga, binti yake. Walburga alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa amezaliwa wa kushoto, yaani kila kitu alifanya kwa mkono huo, na nilidhani atashika gia haraka kuliko wote. Kumbe ndiyo ilikuwa shida yake. Mkono ule alikuwa amezoea kuutazama unapofanya kazi. Anashona anautazama, anaandika anautazama, na kwenye gari langu alikuwa anatazama chini kila anapobadilisha.

Siku moja alinichosha. Nilimpiga mara moja, akatazama tena. Nikampiga mara ya pili kwa nguvu, na nikasikia kitu kimevunjika. Vidole viwili vilipinda, ngozi ikachanika hadi ndani. Bangili yake ya shaba, aliyokuwa anaivaa mkono huo siku zote, iligonga kirungu cha gia kwa jinsi alivyokuwa anatetemeka. Kli... kli... kli.

Nilimwambia aende zahanati akaseme amebanwa na mlango. Nikamwambia pia kesho asikose, mtihani uko karibu. Alikuja, mkono umefungwa kitambaa. Alikuja siku nne. Siku ya tano hakuja, na wiki iliyofuata nikasikia taya zake zimekaza, ni pepopunda. Hakuchelewa kufa.

Kwenye maziko yake nilikwenda, nani asingekwenda? Mwalimu wake. Sasa ukoo ule una desturi yao. Kabla kaburi halijafunikwa, mkubwa wa ukoo anasimama na kusema, toeni mkono, aliyemuumiza marehemu akiwa hai atie udongo kwa mkono ule ule uliomuumiza, na aseme ulifanya nini. Ukisema, mambo yameisha, hakuna atakayekudai neno. Wasio na neno hutia kwa mkono wa kulia, kimya. Mzee Pankrasi, mjomba wa marehemu, aliuliza mara tatu. Watu wawili watatu walijitokeza, mmoja alimtukana sokoni, mmoja alimsukuma kwenye foleni ya maji.

Mimi nilikuwa nimevaa koti. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mfukoni, na mfukoni mlikuwa na spana. Sijui kwa nini niliibeba. Labda niliogopa kuiacha garini mtu aione. Nikawaza haraka haraka, nikijiona mjanja: mkono wenye hatia ni wa kulia, basi wa kulia usitoke. Nikainama, nikachota udongo kwa mkono wa kushoto, nikatia kaburini bila kusema kitu.

Bibi Anjelika alinitazama.

Nilipofika nyumbani nikatia mkono mfukoni. Spana haikuwepo.

Miezi mitatu ikapita. Jumapili moja, wiki ile ile ya mtihani wa Dorine, Bibi Anjelika akaja kwangu baada ya misa. Dorine alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakataa kiti. Alisema kwa sauti ya chini sana hadi nikalazimika kuinama.

"Mwalimu, kaburi la mwanangu halijakaa. Linatitia upande mmoja, upande wa kushoto. Njoo useme."

Nikamwambia ni mvua hiyo, mama, udongo wa huko ni laini. Nikasema Walburga alibanwa na mlango, hata zahanati wameandika.

"Nilimwosha mwenyewe," akasema. "Vidole vyake vilikuwa na alama. Moja na nne. Mlango gani una namba kumi na nne?"

Spana zile namba zake zimetokeza kwenye chuma, yeyote aliyeshika anajua. Nilijua kwamba anajua. Lakini nilikuwa na shule, nilikuwa na jina, na kusema pale mbele ya ukoo mzima kungenipeleka jela. Nikamwambia anisamehe, nina kazi. Alimgeukia Dorine, ambaye alikuwa karibu anatusikia, anakoroga uji kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameshika sufuria. Akauliza kama huyu ndiye ninayemfundisha sasa. Halafu akaondoka, polepole, bila kuaga.

Basi ndiyo maana Dorine hakutaka kwenda kwenye ule mwinuko, na ndiyo maana nilimlazimisha. Mimi sitishwi na bibi kizee. Ndivyo nilivyojiambia.

Tulipanda. Dorine aliendesha vizuri kuliko wanafunzi wangu wote, na yeye sikuwahi kumpiga hata mara moja. Mkuki kwa nguruwe, si ndivyo wanavyosema? Alisimama katikati ya mlima, akavuta hendibreki, akaweka namba moja, akaachia klachi hadi gari likaanza kutetemeka, akaachia breki, tukaondoka. Safi. Tukarudi chini, tukapanda tena. Safi.

Mara ya tatu gari likazima.

Kukawa kimya. Mikaratusi haikutikisika. Taa ya nyumba ya Bibi Anjelika ilikuwa imeshawashwa kule chini, koroboi moja dirishani. Dorine akasema samahani baba, akawasha tena. Likazima tena.

Ndipo nikasikia harufu.

Udongo mbichi, ule wa kuchimbwa. Na ndani yake kuna kitu kingine... kitambaa cha kidonda kilichokaa siku nyingi bila kubadilishwa. Nikapandisha kioo. Harufu ikazidi. Ilikuwa ndani.

Kli...

Nikamwambia Dorine aache kugonga. Akanong'ona, "Sijagonga kitu, baba."

Kli... kli...

Dorine hakuwa na bangili. Hajawahi kuvaa bangili maishani mwake.

Nikatazama usukani. Mwanga ulikuwa mdogo, lakini niliona, na hadi leo nitaapa mbele ya msalaba kwamba niliona. Mikono ya Dorine ilikuwa yote miwili kwenye usukani. Wa kulia na wa kushoto. Vidole vyake vyembamba, kucha alizopaka rangi kwa ajili ya kazi mpya.

Halafu nikatazama gia.

Palikuwa na mkono wa tatu.

Ulikuwa umekishika kile kirungu, umevimba, mweusi kwenye kucha. Vidole viwili vimepinda kuelekea nje. Kwenye kifundo kuna bangili ya shaba. Ulikuwa unasukuma gia bila klachi, unasukuma, unakosea, unarudia, na giaboksi inakwaruza meno kwa meno ilhali injini imezima. Unajifunza. Mungu wangu, ule mkono ulikuwa unajifunza.

Niliogopa, na mimi nikiogopa hukasirika. Kwenye mkono wangu wa kulia kulikuwa na kitu kizito. Sikumbuki nilikiokota wapi. Sikuwaza. Nikapiga. Nikapiga mara ya pili, mara ya tatu, kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayeua nyoka ndani ya nyumba. Mkono ule haukutoka. Nikapiga hadi mfupa ukaitika.

Kelele niliyosikia ilikuwa ya Dorine.

Nikatazama usukani tena. Palikuwa na mkono mmoja.

Wa kushoto ulikuwa kwenye gia, mahali nilipomfundisha mwenyewe kuuweka, na vidole vyake havikuwa na umbo tena. Miguuni pangu ilikuwa imelala spana. Namba kumi na nne. Ilikuwa na udongo mbichi kwenye mashimo yake.

Nilimsogeza mwanangu kiti cha kushoto, nikaendesha mimi hadi hospitali. Njiani hakulia. Alinitazama tu. Nesi akauliza imekuwaje, na mimi, kwa mdomo huu huu, nikasema amebanwa na mlango wa gari. Dorine alisikia. Alifumba macho, na sikumwona akiyafumbua hadi nilipotoka.

Siku ya tatu kidonda kilianza kunuka. Siku ya sita daktari akaniita pembeni, akasema hali si nzuri, uozo unapanda, ngoja tutazame hadi alasiri, tukishindwa itabidi mkono utoke. Ilikuwa saa sita mchana. Nikajua ni wapi pa kwenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha ya kwangu kwenye mwili wa mtoto wangu.

Nilipanda barabara ya Madaba mchana kweupe. Bibi Anjelika alikuwa uani anapepeta mahindi. Nilisema tumsifu Yesu Kristo, akaitikia milele amina, akaendelea kupepeta. Nikapiga magoti pale kwenye pumba. Nikamwambia nimekuja kusema. Hakuniinua. Alimaliza ungo wake kwanza, kisha akatuma mtu kumwita Mzee Pankrasi na wengine wa ukoo, na mimi nikabaki magotini juani hadi walipokusanyika wote, na ilichukua muda mrefu. Nilikuwa nahesabu dakika. Nadhani naye alikuwa anazihesabu.

Kaburi lilikuwa limetitia kweli, upande wa kushoto, shimo la kuingia mkono hadi kwenye kiwiko. Nikachota udongo kwa mkono wa kulia. Nikasema kila kitu. Spana, vidole, mlango, koti, mfuko. Wanawake waliguna. Kijana mmoja wa ukoo alitaka kunivamia, Mzee Pankrasi akamzuia, akasema twende naye polisi sasa hivi.

Bibi Anjelika akakataa. "Polisi wa nini?" akasema. "Mwacheni. Safari yake bado."

Nikamwomba amwondolee Dorine. Nikamwambia najua ana dawa, nitafanya atakalo, aitoe dawa yake. Ndipo kwa mara ya kwanza nilimwona yule mama akitabasamu, na natamani nisingeliona lile tabasamu.

"Mimi sina dawa, Mwalimu. Mimi nasali rozari tu. Sikufanya kitu. Mjomba wake alisema toeni mkono, na wewe ukatoa. Si ulitoa wa kushoto? Na yeye akapokea wa kushoto."

Nikalia. Nikamwonyesha mkono wangu wa kushoto, huu hapa, mzima, hauna hata kovu, kwa nini hakuchukua huu?

"Huo una kazi gani garini?" akauliza. "Miaka yote umeuning'iniza dirishani. Alitafuta wa damu yako unaoshika gia."

Nilirudi hospitali mbio. Daktari alikuwa anatoka, anavua glovu. Hawakuweza kungoja. Wameukata wakati ule ule, nilipokuwa bado magotini kwenye pumba nasubiri ukoo ukusanyike.

Dorine alipona. Mtu atasema nishukuru, na kanisani nashukuru kwa sauti. Mradi wa maji ukamchukua mtu mwingine. Shule nikaifunga, maana habari za mwinuko zilishafika Majengo kabla yangu. Mwaka mzima binti yangu hakunisemesha zaidi ya kuniambia karibu chakula. Alikuwa anakaa kwenye ngazi, kigutu chake kimefunikwa na kanga, anaitazama Starlet iliyosimama uani bila kazi.

Jumapili moja akaniomba ufunguo.

Nilidhani anataka kukaa ndani tu. Nikampa. Akaingia kulia, akawasha, na kabla sijasimama gari lilikuwa limeshatoka getini. Nikatoka nje nikikimbia, nikimwita. Nilisikia namba moja ikaingia. Namba mbili. Alipofika kwenye duka la kona, namba tatu. Mkono wake wa kulia, wa pekee alionao, ulikuwa juu kabisa ya usukani, nauona kupitia kioo cha nyuma. Haukuondoka hapo hata mara moja.

Gia zilikuwa zinaingia laini. Hakuna iliyokwaruza.

Leo ni mwaka wa nne. Mjini wanasema gari la Dorine ni otomatiki, kwamba baba yake alimbadilishia giaboksi kwa huruma. Siwakatalii. Fundi mmoja, Beda, aliwahi kufunua boneti ili aone hiyo otomatiki. Aliifunga pale pale, na siku hizi akiliona lile gari linakuja huvuka barabara.

Kila Jumapili baada ya misa Dorine ananiambia niingie. Nakaa kushoto, mahali pangu pa siku zote. Yeye anaweka mkono wake juu ya usukani na kusema, kwa sauti ya upole kabisa, "Weka mkono hapo, Mwalimu." Haniiti baba tena. Naweka mkono wangu wa kulia kwenye kirungu cha gia. Kuna baridi pale. Kuna kitu kinaingia juu ya vidole vyangu na kuvishika, halafu nasikia shaba ikigonga. Kli... kli...

Tunapanda barabara ya Madaba. Kwenye mwinuko wa mikaratusi anasimama, anaondoka, anasimama, anaondoka, mara nyingi kadiri apendavyo. Bibi Anjelika, akiwa uani, hutupungia. Kaburi limekaa sawa, nyasi zimeota.

Sheria ni ile ile. Nikitazama chini, napigwa. Sijui ni nani anayepiga. Dorine mkono wake uko juu ya usukani, nao nauona. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vimeshapinda, na ukiniuliza nitakwambia nilibanwa na mlango.

Kesho ni Jumapili. Dorine ameshaosha gari, na sasa hivi yuko uani ananiuliza kama nimekula.

Nimemwambia nimekula. Na kesho sitatazama chini.